Anayetoka Zamu ya Usiku Si Mvivu

Hapa kwetu Tanga, bibi harusi muuguzi akitoka zamu asubuhi akajilalia, mawifi huanza: "Jua la utosini, mke bado kitandani!" Tunasema basi.

Katika Surat An-Nabaa, Allah ameufanya usiku kuwa vazi na mchana wa kutafuta maisha. Mwenzetu amelivua vazi hilo ili wagonjwa wetu wahudumiwe. Usiku kucha yuko chini ya taa nyeupe kali, na mwanga huo huuzuia ubongo kutoa melatonini, homoni ya usingizi inayotoka gizani. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Mwaka 2019 ikarudia neno hilohilo. Huo ndio uvivu?

Masomo mnaofunda mabinti, wafundeni na wakwe: asubuhi chumba kiwe giza, redio ipunguzwe, watoto wachezee mbali. Nawe bibi harusi, kabla hujaulizia samadari, ulizia mapazia mazito. Usingizi wako ni haki, si fadhila.