Mkeka wa bibi na mkeka wa simu

Mikono yangu inanuka sabuni mpaka leo. Jumamosi nimefungwa karata mara tatu mfululizo, na sheria ya kibarazani kwetu mnaijua: timu iliyofungwa inaosha vyombo vya wote, sufuria la ugali likiwemo. Ukoko wenyewe ulikuwa umeshika kama saruji. Acheni tu.

Lakini leo sikuja kulilia ukoko. Tukiwa katikati ya kelele zetu akapita mpangaji mwenzetu mmoja, katoka maktaba na begi mgongoni, akatutazama, akasema, "Nyie wenzetu mna muda wa kuchezea, hongereni." Tukacheka, yeye akaingia ndani. Ila usiku nikalala na yale maneno. Mwaka wa tatu huu, asaimenti mbili zinanidai, mitihani hiyo inakuja, halafu mi nakaa saa tatu nzima nabishana juu ya ree ya shupaza. Nikajiuliza, hivi kweli napoteza muda?

Jibu langu ni hapana. Naomba mnivumilie nilieleze, maana karata ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe.

Kwanza kwa wale wasiojua tunacheza nini. Ni mchezo wa turufu niliokuja nao kutoka nyumbani Tanga. Tunakaa wanne, wawili wawili, mwenzio yuko mbele yako mnatazamana. Kwa hesabu za kwetu ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, zinazobaki hazina kitu. Jumlisheni aina zote nne mtapata 120, kwa hiyo wenye 61 wameshinda. Mkigawana 60 kwa 60 ndo vita inaanza upya. Bibi yangu hizo pointi anazihesabu kichwani huku anakuna nazi, na hakosei. Maneno yenyewe, karata, turufu, kopa, uru, shupaza, pau, yote yametoka kwa Wareno. Walitimuliwa Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1698, wakaenda zao, karata zikabaki kwa bibi zetu. (Hapa chuoni wengi wanaita pau "maua", nimeshachoka kuwarekebisha.)

Sasa shikeni hili moja: mchezo huu hauchezeki na watu watatu. Akikosekana mmoja, mnabaki mnatazamana tu.

Ndivyo tulivyojua habari za Nahodha. Si jina lake, hapa namwita hivyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akigawa karata na kutoa amri zote. Muhula uliopita alikosa Jumamosi moja, akasema ana homa. Ya pili akasema ana kazi ya kikundi. Ya tatu hakupokea simu kabisa. Jamani, kwenye lekcha ya watu mia tatu unaweza kupotea mwezi mzima, mwalimu asijue, wenzio wasijue, mtu anakusainia mahudhurio na maisha yanaendelea. Kwenye mkeka wa watu wanne pengo linaonekana usiku uleule. Basi ile Jumamosi ya tatu tukafunga mlango, tukamfuata.

Tulimkuta chumbani kwake kakaa kwenye godoro, taa kazima. Jiko la gesi hakuna, kauza. Feni hakuna, kauza. Mezani kuna uji wa asubuhi umeganda kwenye kikombe. Tukamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, amechoka tu.

Kumbe ni kubeti.

Na hapa lazima niseme ukweli wangu, hata kama aibu. Mkeka wake wa kwanza kutiki, sote tulijua. Alitununulia chipsi kuku wote, na mi nilikula, tena nilichukua paja. Tulimwita mtaalamu, tukamwambia atupe na sisi timu za wiki ijayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ameweka shilingi ngapi mpaka akapata hizo. Kwa hiyo msije mkadhani naandika hapa kama mtu safi.

Mikeka iliyofuata ikachanika mmoja baada ya mwingine. Boom lilipotoka likaisha ndani ya siku tisa. Akakopa kwenye zile aplikesheni za mikopo, akaja kukopa kausha damu ili alipe ya kwenye simu. Mwisho akagusa hela ya ada aliyotumiwa na mama yake. Mama yake anauza samaki. Nusu ya ada ikaenda, na kwetu bila kumaliza ada mtihani huuoni. Mpango wake ulikuwa aondoke kimyakimya arudi kwao, aseme kadisko. Fikirieni hilo. Mtu ana akili zake timamu na matokeo yake mazuri, lakini anaona afadhali nyumbani wamjue kwamba kafeli kuliko kuwaambia kilichotokea. Alisema na maneno mengine ambayo sitayaandika.

Ila maneno hayo hakuyasema tulipomhoji. Tulimhoji karibu nusu saa hakutoka kitu. Mwisho mmoja wetu akachoka, akatoa karata mfukoni, akazigawa palepale sakafuni kwa mwanga wa simu. Tukacheza. Nahodha akatupa saba ya turufu kizembe kabisa, ikaliwa, tukamcheka kama kawaida yetu, tukampigia na makofi. Na yeye akacheka. Halafu akaanza kulia. Halafu ndo akasema yote.

Sitaki kuwadanganya kwamba karata zilimlipia deni. Kesho yake tulimsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi, akaandikiwa barua ya kulipa ada kwa awamu. Alimpigia mama yake mwenyewe, sisi tumekaa pembeni tunaangalia chini. Simu yake kubwa aliiuza, sasa ana kiswaswadu. Mtihani alifanya, sapu moja. Deni bado analo, linapungua polepole sana. Jumamosi hii ndiye alikuwa mwenzangu, ndo maana tumefungwa mara tatu, maana mkono wake haujarudi sawasawa hahaha.

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja anasoma takwimu, alimpigia hesabu Nahodha juu ya karatasi ya kufungia maandazi. Nawapa na nyie. Tuseme kila timu uliyoiweka kwenye mkeka ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda, yaani timu nzuri kabisa. Ukiweka mbili, nafasi ya zote kushinda ni 49 kwa 100. Ukiweka tano inabaki kama 17. Ukiweka kumi imeshuka chini ya 3. Na wale wa timu kumi ndo wengi, kwa sababu ndo mkeka unaoahidi hela ya pikipiki. Hesabu hizo Nahodha anaziweza kuliko mimi. Hakuzipiga kwa sababu alikuwa peke yake usiku, na hakuna mtu wa kumwambia "we, hebu lete nione".

Likizo nilipokwenda Tanga nikamsimulia bibi. Mchana tulikuwa tumetoka na watoto wa baba mdogo kwenda Raskazone, tukacheza rede mchangani mpaka jua linazama. Kwa wasiojua, mmoja anakaa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku wawili wanamrushia mpira kutoka huku na huku, na ukipigwa umetoka. Baba mdogo, mtu mzima na kitambi chake, kapigwa mpira wa mgongo na mtoto wa miaka saba. Watoto hawajaacha kumkumbusha mpaka naondoka. Usiku tukatandika mkeka uani pale Ngamiani, mi na bibi upande mmoja wa habari na kila mtu na mwenzie mbele yake, nikaanza kueleza kwamba rafiki yangu kafungwa hela zote kwenye mkeka.

"Mkeka gani?" bibi akauliza, akapapasa ule aliokalia.

Nikamweleza mkeka wa simu ni nini. Akasikiliza, akauliza, "Sasa alicheza na nani?"

"Alicheza kwenye simu, bibi."

"Simu nimeisikia. Nakuuliza alicheza na nani."

Nikakosa jibu. Nikasema, "Peke yake."

"Peke yake, na akafungwa," bibi akasema, akatupa saba ya uru. "Haya cheza, mke mwenzangu, usinichungulie karata zangu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuna lile swali lake, na hapo ndipo maoni yangu yalipo. Tofauti ya ile mikeka miwili si hela tu. Kwenye mkeka wa bibi ukifungwa, aliyekufunga unamwona. Yuko mbele yako anakucheka, na kesho anakuamsha mle wote viazi. Unayecheza naye upande mmoja kafungwa pamoja na wewe, kwa hiyo aibu mnagawana, na vyombo mnaosha wawili. Isitoshe mchezo wa watu una mwisho. Watu wanachoka, mtoto analia, mama mwenye nyumba anataka kufunga geti saa nne. Simu haichoki wala haisinzii. Ukifungwa saa nane ya usiku inakuletea mechi nyingine ya nchi ambayo hujawahi kuisikia, na wa kukwambia "tulale sasa" hayupo.

Najua mtanipinga. Wa kwanza atasema karata ndiyo mama wa kamari. Kweli kabisa, na mi nimeona wazee chini ya mwembe wakiacha mshahara wao pale. Ndiyo maana kwetu hela haikanyagi mkeka, ikiingia hata mia mbili mi naondoka. Vyombo vinatosha. Wa pili atasema karata kwao haziruhusiwi kabisa, na hilo naliheshimu, sitamlazimisha mtu. Kwani lazima karata? Kuna bao, kuna drafti, kuna keram. Pandeni daladala mwende Coco mkale mihogo na kucheza rede, mrudi na mchanga masikioni. Nachosema ni kwamba uwepo mchezo ambao usipokuja, wenzio watakwama. Wa tatu ni yule wa maktaba, atasema kitabu kwanza. Sawa, kitabu kwanza, sijabisha. Ila dada, Nahodha naye alikuwa anasoma. Kitabu hakikwenda kumgongea mlango.

Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, inamkataza aliye chini ya miaka 18. Wengi wetu hapa tumeshavuka, kwa hiyo sheria imetuachia tujiangalie wenyewe. Mi naona tungeanza na jambo dogo. Rafiki yako mkeka wake ukitiki, kabla hujachukua paja, muulize: kaka, umeweka ngapi mpaka hapa? Na akikosa kuja mara mbili, usisubiri ya tatu kama sisi. Hilo la kusubiri ya tatu linaniuma mpaka leo.

Haya, nimeandika mrefu kuliko asaimenti yenyewe. Jumamosi hii tupo kibarazani kuanzia saa moja jioni, geti linafungwa saa nne kama kawaida. Mpangaji mwenzetu wa maktaba nimemgongea leo nikamkaribisha, akasema hajui kucheza. Nikamwambia vizuri, atacheza upande wa Nahodha, vyombo vitakuwa vingi. Kasema ataangalia. Mkimwona mnikumbushie.

Tuonane tukijaliwa.