Gari likiyumba nyuma, tazama bushi

Ni wazazi wangapi hupakia watoto garini Jumamosi asubuhi, wakashika njia ya kwenda mashambani kuwaona babu na nyanya, na wakifika kwenye tuta la kwanza wakasikia "ko!" kutoka nyuma? Wengi huongeza sauti ya redio. Wengine husema gari ni kuukuu, na gari kuukuu halikosi kelele.

Juma hili tuizungumzie sauti hiyo, kwa maana aghalabu haitoki kwenye buti wala kwenye jeki iliyolegea. Hutoka kwenye kijipande cha mpira na chuma kinachoenea katika kiganja: bushi. Tutaona jinsi ya kuitambua iliyochakaa, jinsi ya kuibadilisha nyumbani, na kwa nini watu wengine hununua bushi mpya kila mara ilhali majirani wao hukaa nazo miaka.

Kazi ya bushi

Kati ya bodi ya gari na gurudumu mna springi, shoki na mikono ya chuma. Mikono hiyo ndiyo hulielekeza gurudumu lipande na kushuka bila kwenda kombo. Kwenye ncha za mkono, pale unapoungana na gari na pale unapoungana na gurudumu, ndipo bushi hukaa. Ina bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na katikati mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili. Mpira huo humeza mtetemo wa barabara usifike vitini, na huuruhusu mkono kupanda na kushuka kwa kujipinda.

Si watu wote waliouamini mpira tangu mwanzo. Wakati mmoja, Walter Chrysler alipeleka gari jipya la Plymouth katika makao ya Ford. Injini yake ilikuwa imeketishwa juu ya mipira, na kelele na mtetemo vilikuwa vimepungua sana. Charles Sorensen, aliyesimamia utengenezaji katika kampuni ya Ford, alieleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1956 kwamba Henry Ford hakulipenda jambo hilo, wala hakutoa sababu. Leo si rahisi kupata gari la abiria lisilo na mipira ya namna hiyo.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla za miaka ya 1990 ambazo Wakenya huziita "Toyota 100" na "Toyota 110". Saluni hizi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Kila upande una mikono miwili inayotoka katikati ya gari hadi kwenye gurudumu, na fito moja ya chuma inayoelekea mbele. Ukihesabu bushi moja kila ncha, utapata sita kila upande, kumi na mbili kwa jumla.

Aliye na NZE, Corolla iliyoanza kuundwa mwaka 2000, hana mikono hiyo. Gari lake lina chuma kimoja kipana kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma, chenye bushi mbili kubwa. Kuzing'oa hizo kunahitaji chombo maalumu, kwa hivyo heri aiachie gereji. Hata hivyo asiache kusoma, kwa sababu jambo kuu nitakalosema linamhusu pia.

Dalili za kuchakaa

Mashimo na matuta ya barabara zetu hayana huruma kwa mpira, na mafuta yanayovuja huuozesha. Bushi ikichakaa, gari hutoa ishara. Ya kwanza ni hiyo "ko" kwenye matuta. Ya pili ni hatari zaidi: ukibadilisha njia kwa mwendo wa kasi, nyuma ya gari hukawia kidogo kisha hufuata kwa mtikisiko, kana kwamba kuna mtu anayeisukuma. Ya tatu ni tairi za nyuma kulika upande mmoja, hasa kwa ndani, mahali ambapo wengi hawachungulii.

Usiharakishe kulaumu bushi, lakini. Gurudumu likiwa juu, lishike kwa mikono, juu na chini, ulitikise. Likicheza, na ikiwa gari huvuma zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka, yamkini ni beringi. Shoki ikiwa na mafuta yaliyotapakaa, nayo imekwisha. Lakini ukiingiza mtaimbo mdogo kati ya mkono na kishikio chake, ukausukuma polepole na kuona bomba la ndani likihama huku na huku, au mpira umepasuka na kuachana na chuma, basi umempata mkosaji.

Usalama kwanza

Hapa, msomaji, naomba usome kwa makini, hasa wewe mwanafunzi unayependa kujifunza kwa vitendo. Bushi mbovu inaweza kukuharibia tairi. Gari likikuangukia litakuua.

Gari liegeshwe kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare, si kwenye udongo wala mteremko. Kumbuka kwamba breki ya mkono ya gari kama hili hushika magurudumu ya nyuma. Ukiyainua hayo, breki hiyo haina kazi tena. Weka gia ya kwanza, au P ikiwa ni otomatiki, na uyazuie magurudumu ya mbele kwa magogo pande zote mbili. Kisha inua nyuma na uikalishe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Mawe ya kujengea nayo hupasuka ghafla bila kuonya. Kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa nguvu. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya. Na usifanye kazi hii ukiwa peke yako nyumbani.

Kung'oa za zamani

Vifaa si vingi: spana na soketi, hasa namba 17 na 19, ya nati za gurudumu namba 21, nyundo, brashi ya waya, rangi ya kupigia alama na mafuta ya kulegeza kutu. Siku moja kabla ya kazi, sugua bolti kwa brashi na uzinyunyizie mafuta hayo. Walio Mombasa na miji mingine ya pwani wafanye hivyo siku mbili tatu mfululizo, kwa sababu chumvi ya hewani hufanya bolti na bomba la bushi vishikane kama vimeunganishwa kwa moto.

Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua gari. Kisha shughulikia upande mmoja tu. Upande ule mwingine ndio kitabu chako, na ukisahau kitu kilikaaje, utachungulia huko. Mkono wa nyuma una mahali pa kurekebishia mwelekeo wa gurudumu. Papige alama ya rangi kabla ya kulegeza chochote.

Chungulia pia kama kila bolti ina nafasi ya kutoka. Zile za ndani zinaweza kuzuiwa na ekzosi au tangi la petroli. Ukiona hivyo, au bolti ikikataa kabisa kuzunguka, usilete moto wa gesi karibu na tangi. Simama hapo na umwite fundi. Si aibu, kwani mwenda pole hajikwai.

Mikono ikishatoka, andika kwa rangi upi ni wa mbele na upi ni wa nyuma, na upande gani ulitazama chini. Gurudumu lisiachwe likining'inizwa na mpaipu wa breki, nao ukavutwa. Litegemeze kwa kigogo.

Kupachika mpya

Chukua bushi moja ya zamani uende nayo dukani. Kwa walio Nairobi, maduka ya vipuri yamejaa Kirinyaga Road, ambako wakongwe bado huita Grogan. Linganisha urefu, upana wa nje na tundu la bolti. Jihadhari na bushi zilizokatwa kutoka mpira wa tairi kuukuu. Huenda zikanyamazisha kelele kwa muda, lakini mpira wake haukushikamana na chuma, kwa hivyo hauwezi kuufunga mkono mahali pake.

Kuzitoa za zamani na kushindilia mpya ni kazi ya mashini ya presi. Beba mikono yako hadi kwa mafundi wa jua kali wenye mashini hiyo, nayo haiwachukui muda mrefu. Ukiwa na jiliwa imara nyumbani, waweza kuitumia pamoja na soketi mbili, moja ya kusukuma na nyingine kubwa ya kupokea. Iwe presi au jiliwa, nguvu iende kwenye bomba la nje. Ukisukuma mpira au bomba la ndani, umeiharibu bushi kabla haijaona barabara. Ili iteleze, paka maji ya sabuni. Usipake grisi wala mafuta ya injini, kwa maana mpira wa kawaida huvimba na kulainika ukikutana nayo. Hakikisha bushi imeingia sawasawa, isijitokeze upande mmoja kuliko mwingine.

Kinachoziua bushi mpya

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Mikono imerudi, bolti zimeingia, na fundi anataka kumaliza. Gari lingali juu, magurudumu yananing'inia, naye anashika spana na kukaza kila nati kwa nguvu zake zote. Mwenye gari anafurahi na kulipa. Baada ya muda mfupi sauti inarudi, na lawama zinawaendea wauza vipuri.

Kwa nini? Watu wengi hudhani bushi huzunguka kwenye bolti kama bawaba ya mlango. Haizunguki. Nati ikikazwa, bomba la ndani hubanwa lisisogee kabisa. Mkono unapopanda, ni mpira unaojipinda, na unaposhuka, mpira hujinyoosha. Ukikaza gari likiwa juu, umeufunga mpira katika hali ya mkono uliolegea chini. Gari likishuka, mikono hupanda, na mpira hupindwa hata kabla safari haijaanza. Ukilala, umepindwa. Ukienda kazini, umepindwa, na kila shimo huupinda zaidi ya ulivyoumbwa kustahimili. Jaribu kukaa siku nzima umegeuza shingo upande mmoja, kisha mtu akusukume zaidi. Utapasuka mapema, nao mpira vivyo hivyo.

Dawa yake haina gharama. Kaza nati kwa kiasi tu, bolti ishike bila kubana. Rudisha gurudumu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake wote, kisha lisukume chini kwenye buti mara kadhaa ili mikono itafute mahali pake. Hapo ndipo unapokaza kabisa, kwa kipimo kilicho katika kitabu cha gari. Ikiwa mkono wako haufiki chini, panda na magurudumu yote manne juu ya mbao nene na pana zilizo sawa kwa kimo, uyazuie tena kwa magogo, na ukaze kutoka pembeni. Nati za gurudumu za Corolla hizi hukazwa kwa nguvu ya Nyuta-mita 103.

Baada ya kazi

Peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu yote manne, si ya mbele peke yake. Alama yako ya rangi ilikusaidia kufika huko salama, lakini haitoshi kuziokoa tairi. Baada ya siku chache za kuendesha, pitisha spana tena kwenye kila nati.

Na wewe usiyetaka kuchafua mikono, huna haja ya kulala chini ya gari ili ufaidike. Unapompelekea fundi wako kazi hii, mwambie kwa heshima: "Fundi, naomba zile nati za mwisho uzikaze gari likiwa limekanyaga chini." Anayeijua kazi yake atatabasamu na kukuheshimu. Asiyejua atauliza sababu, nawe sasa unayo ya kumweleza.

Wanaokaa kiti cha nyuma ndio walio karibu zaidi na bushi hizo, na mara nyingi ni watoto. Siku utakapolazimika kukwepa ng'ombe au pikipiki katika barabara ya Nakuru, nyuma ya gari itafuata mbele mara moja, au itachelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na ufa wenyewe huu upana wake ni wa kidole.

Juma lijalo tutazitazama tairi: jinsi ya kusoma umri wake kutoka kwenye nambari zilizoandikwa ubavuni. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.