Wagonjwa wa saratani ya matiti Pwani wanahitaji wa kuwashika mkono

Kila ikifika Oktoba, Pwani yetu huvaa rangi ya waridi. Viongozi hupigwa picha na utepe kifuani, kina mama hutembea kwa maandamano hadi uwanjani, na mahema ya uchunguzi wa bure husimamishwa. Novemba ikiingia, mahema hufungwa. Siwalaumu wanaoandaa shughuli hizo, maana wapo wanawake waliogunduliwa uvimbe humo humo mahemani. Swali langu ni la siku ya pili. Mama akishaambiwa ana uvimbe na aende hospitali kubwa, nani anakwenda naye?

Nauliza hivyo kwa sababu mjadala wa saratani nchini umekuwa wa pesa tu. Ni kweli pesa ni tatizo, lakini upande huo kuna hatua zilizopigwa. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na zikiisha, Sh150,000 nyingine kutoka kwa hazina ya dharura na magonjwa sugu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya dawa ya Roche zikaafikiana kuhusu dawa ya Herceptin. Dozi iliyokuwa ikigharimu Sh120,000 ikashuka hadi Sh40,000, na SHA ikakubali kuzilipa. Mgonjwa huweza kuhitaji dozi 18. Kwa bei ya zamani hizo ni zaidi ya Sh2 milioni, pesa za kuuza shamba la minazi na bado zisitoshe.

Sasa tuangalie mpango huo unamfikia nani. Herceptin huwafaa wanawake ambao uvimbe wao una protini ya HER2 kwa wingi, na hao ni kama 15 hadi 20 kwa kila wagonjwa 100. Wengine wengi, uvimbe wao huchochewa na homoni, na dawa yao ni vidonge kama tamoxifen, vya bei nafuu, ambavyo humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wapo pia wasiokuwa na hiki wala kile, ambao hutegemea zaidi upasuaji, kemo na mionzi. Hakuna daktari anayeweza kuwatenganisha hawa kwa macho. Lazima kinyama kikatwe, kipelekwe maabara na kipimwe. Mama asiyefanyiwa kipimo hicho, dawa iliyopunguzwa bei haimsaidii hata kama imejaa kabatini.

Hapo ndipo wengi wanapotupotea. Zahanati inampeleka hospitali ya kaunti, ya kaunti inampeleka ya rufaa, kila mahali foleni mpya na karatasi mpya. Mama mmoja ninayemfahamu, muuza mahamri, alikaa na majibu yake ndani ya bahasha karibu miezi mitatu. Aliyempa hakumweleza aende mlango gani, naye alidhani angepigiwa simu. Hakukosa bima, na wala hakuwa mkaidi. Alikosa mtu wa kumwambia, "Mama, kesho saa mbili tukutane getini."

Kazi hiyo ya kumshika mgonjwa mkono ina historia yake. Mwaka 1990, daktari mpasuaji Harold Freeman alianzisha mpango katika hospitali ya Harlem, New York, mtaa wa watu weusi maskini. Aliajiri watu wa kumsindikiza mgonjwa tangu uvimbe unapoonekana hadi matibabu yaishe: kumtafutia siku ya daktari, kumjazia fomu, kumfuata nyumbani akikosa kufika. Uchunguzi wa bei nafuu ukaongezwa. Kabla ya hapo, wanawake 39 kati ya 100 waliougua saratani ya matiti hospitalini hapo ndio waliokuwa hai baada ya miaka 5. Baadaye wakafika 70. Hakukuwa na dawa ya siri. Wanawake walifika mapema, wakatibiwa hadi mwisho.

Kwetu Pwani safari ni ndefu kuliko ya Harlem. Kaunti zetu sita zinaitegemea hospitali ya rufaa ya Coast General, ile ambayo wengi bado tunaiita Makadara. Kemo mara nyingi huja kila baada ya wiki tatu. Mionzi hutolewa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi tano. Mama wa Faza au Hola hawezi kwenda na kurudi. Bima inalipia mashine, hailipii nauli ya boti na basi, wala chakula, wala kitanda cha kulala Mombasa mwezi mzima. Asiye na jamaa mjini huanza vizuri, kisha akakatiza. Tiba ya nusu nusu haiponyi.

Kuna na mambo ya nyumbani ambayo tusiyafiche. Wapo wanaoona haya kuguswa kifua na daktari mwanamume. Wapo wanaoanza kwa kombe na mitishamba wakisema ni jicho la hasidi, na uvimbe unazidi kukua. Wapo wanaokubali kila kitu ila kutolewa titi, kwa kuhofia talaka. Kwa hofu hii ya mwisho, wenye kulaumiwa ni sisi wanaume. Mume anayekwenda kliniki na mkewe na kuketi naye kwenye benchi amefanya kazi ambayo hakuna shirika litakaloifanya badala yake.

Wa kuanzisha mpango wa namna ya Harlem hapa tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, na wanapita milango yetu tayari. Tunao wanawake waliopona, ambao neno lao moja lina uzito kuliko mabango kumi. Nairobi, shirika la Faraja Cancer Support limekuwa likiwaliwaza wagonjwa bila malipo tangu 2010, na njia hiyo inaweza kuigwa huku. Misikiti na makanisa yetu huchangisha pesa za mazishi kwa siku moja. Kwa nini zaka na sadaka zisilipie chumba cha wagonjwa karibu na hospitali, wakati maskini na msafiri wote wamo miongoni mwa wanaostahiki?

Lakini michango isiwe kisingizio cha serikali kulala. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani ya matiti, na likaweka vipimo vitatu ambavyo hata mtoto wa shule atavielewa. Wagonjwa 60 kati ya 100 wagunduliwe ugonjwa ukiwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Tangu mama afike kituoni hadi apate jibu kamili, zisipite siku 60. Na wagonjwa 80 kati ya 100 wamalize matibabu waliyoandikiwa.

Nataka kila gavana wa Pwani atusomee namba hizo tatu za kaunti yake kila Oktoba, kabla ya kuvaa utepe. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa mabungeni kabla ya Aprili 30, na vikao vya maoni ya umma viko wazi kwetu sote. Tukifika huko tudai mistari mitatu: mishahara ya wasindikizaji wa wagonjwa, nauli na malazi ya wanaotoka mbali, na kipimo cha vipokezi kwa kila mgonjwa. Ni kidogo ukilinganisha na tunayotumia kwa magari na safari za viongozi.

Mwaka 2020 pekee, makadirio ya kimataifa yalionyesha wanawake wapatao 6,800 Kenya waligunduliwa na saratani hii. Kila mmoja ni mama wa mtu, dada wa mtu. Ukimjua mmoja mtaani kwako, usisubiri mpango uanze. Muulize kesho ana miadi saa ngapi.