Linux ndiyo, Word ya kukraki hapana!

Vijana wenzetu wa Lubarika, Luvungi na Uvira mjini,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10. Mashini nyingi za sekretaria zetu, zile za kupiga barua na CV, ni za zamani na haziruhusiwi kupokea Windows 11. Ndiyo maana wenyewe wanatuita tuwawekee Linux. Vizuri sana. Lakini neno la pili ni lilelile: "Halafu unirudishie Word yangu."

Word gani? Ile ya kukraki, iliyotoka kwenye flashi ya mtu pamoja na virusi vyake? Kuilazimisha itembee ndani ya Linux ni kuhamisha kitanda na kunguni wake. Na ile ya halali, Microsoft 365, inalipwa kila mwezi au kila mwaka. Mteja wa ukurasa mmoja ndiye atailipia?

Sisi tunasema LibreOffice. Haiombi mtandao (Google Docs inakula mega, na mega ni pesa), inatoa PDF papo hapo, na faili zake ni za ODF, muundo uliokubaliwa na ISO tangu 2006. WPS ni ya bure lakini chanzo chake kimefungwa, basi umebadilisha bwana tu. Anayepokea docx kutwa nzima anaweza kuchukua OnlyOffice, nayo ni chanzo huria na sura yake inakaribia Word. Hatutamgombeza.

Wanasema LibreOffice inaharibu barua. Mara nyingi kinachoharibu ni herufi: Calibri na Cambria hazimo ndani ya Linux. Weka Carlito na Caladea, upana wake ni uleule, mistari itabaki mahali pake. Excel yenye makro, hapo ni kweli kuna taabu. Jaribu faili za mteja mbele yake kabla ya kufuta chochote, usimdanganye.

Tena usibadilishe vyote siku moja. Polisi wa Ufaransa, Gendarmerie, walianza na OpenOffice mwaka 2005 wakiwa bado kwenye Windows. Ubuntu ilifuata kuanzia 2008. Watu walizoea programu kwanza. Na asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya wazungu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Miaka zaidi ya 20 imepita, na sisi bado tunaogopa.

Lakini mwenye sekretaria siye mkosaji mkubwa. Wakosaji ni ONG na biro za Leta zinazoandika kwenye tangazo la kazi: "dosie iletwe kwa Word." Kijana mwenye diplome, hana kazi, analipa kupigiwa CV, analipa mega za kuituma, kisha dosie inatupwa kwa sababu jedwali limesogea. Kwa hiyo ombi la kazi linatanguliwa na kodi kwa kampuni ya Marekani, au na wizi. Nani alipiga kura ya sheria hiyo?

Tunadai: kila tangazo la kazi katika teritware ya Uvira likubali PDF. Fomu za sheferi na za Leta zitolewe kwa ODF pia. Wenye sekretaria, tuiteni. Kuweka LibreOffice hatutawalipisha hata franga moja.