Uso wa Jengo ni wa Mpita Njia



Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutuonya tusidanganywe na sura ya nje. Lakini kwa majengo marefu ya mjini, wengi wetu hatutapanda kamwe hadi ofisi za juu. Tunachopewa ni uso wa jengo tu. Kwa hiyo uso huo una deni kwetu, nasi tuna haki ya kuuhukumu.

Itazame Lilongwe, iliyofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975 badala ya Zomba. Katika eneo la City Centre yapo maghorofa, na mwaka 2012 Ukumbi wa Mikutano wa Kimataifa wa Bingu ulifunguliwa. Mbele ya majengo kama haya huwasikia watu wakisema, "Mji unang'aa!" Kung'aa si hoja. Uliza maswali mawili.

La kwanza: jengo linalikabilije jua? Kioo kitupu kinachoelekea magharibi hupokea jua kali la alasiri, na ndani hapakaliki bila kiyoyozi. Kiyoyozi hula umeme, nao umeme wa Malawi hutegemea zaidi maji ya mto Shire. Dirisha lililotiwa ndani kidogo, au lenye kipaa cha zege juu yake, hupunguza joto bila gharama ya kila mwezi.

La pili: linampa nini apitaye chini yake? Waswahili wa Lamu na Unguja walijenga baraza za mawe nje ya nyumba zao, mgeni aketi bila kupiga hodi. Neno hilohilo leo tunalitumia tunaposema Baraza la Mawaziri. Jengo lisilo na kivuli, wala kibaraza, wala mahali pa kujikinga na mvua ya Januari, humwambia raia: pita upesi.

Huenda ukasema kuwa sisi wa Dzaleka, kambi iliyoanzishwa wilayani Dowa mwaka 1994, hatuna sauti katika mambo ya mji, hasa baada ya amri ya serikali ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi warejee kambini. Sikubaliani nawe. Aliyefyatua matofali ya udongo kwa mikono yake anajua kwamba upenu ukiwa mfupi, mvua huula ukuta. Huo ni ujuzi wa usanifu, na hauhitaji kibali cha kusafiri. Anayeweza kueleza kwa nini nyumba yake imesimama anaweza pia kuuliza kwa nini ghorofa imejengwa vile ilivyojengwa.

Basi chagua jengo moja, hata kama umeliona pichani tu, uliandikie aya moja. Usiandike "ni zuri" au "ni baya" pasipo neno "kwa sababu". Raia hujulikana kwa sababu anazozitoa.