Kifua kilichobonyea: mtoto apasuliwe lini?

Mama amwogeshapo mtoto wake huona mambo ambayo jirani hawayaoni. Pengine huona kwamba katikati ya kifua pana shimo, kana kwamba mtu amebonyeza kidole katika udongo wa kufinyangia. Wengine husema ni uchawi. Wengine humlaumu mama kwamba alibeba kuni nzito alipokuwa na mimba. Sivyo hata kidogo. Gegedu, yaani ile mifupa laini iungayo mbavu na mfupa wa kidari, imejipinda, na mfupa umeingia ndani. Wavulana hupatwa kuliko wasichana, na mara nyingine baba au mjomba alikuwa na shimo lile lile.

Basi wazazi huuliza: apasuliwe sasa, au tungoje? Wahenga wetu walisema samaki hukunjwa angali mbichi, na waganga nao walidhani hivyo. Mwaka 1949 mpasuaji Ravitch, Mmarekani, alieleza namna ya kukata gegedu zilizopinda na kuuinua mfupa wa kidari. Watoto wengi walipasuliwa kabla hawajaanza shule. Lakini mwaka 1996 Haller na wenzake wa Baltimore waliandika habari ya watoto waliopasuliwa mapema mno na kukatwa mno: kifua chao kilikataa kukua, na mapafu yakakosa nafasi. Sababu yake ni kwamba ubavu hukua kwenye mwisho wake, pale pale ulipokatwa. Twawasifu waganga hao kwa kuwa hawakulificha jambo hilo.

Tangu mwaka 1987 Donald Nuss, huko Norfolk, Virginia, alifuata njia nyingine. Akawatangazia wenzake mwaka 1998. Haondoi gegedu. Hutoboa ubavuni, hupitisha chuma kilichopindwa chini ya mfupa wa kidari, kisha hukigeuza ili kiusukume mfupa nje. Chuma hukaa miaka miwili au mitatu, ndipo hutolewa. Naye alianza na watoto wadogo. Siku hizi wapasuaji wengi hupendelea mtoto wa miaka 10 hadi 14 hivi, maana kifua kingali laini, na chuma hukishikilia wakati kijana arefukapo kwa haraka.

Wala si kila shimo hupasuliwa. Mengi ni madogo, yaachwe. Mganga hupima upana wa kifua katika picha, akaugawanya kwa nafasi iliyopo kati ya mfupa wa kidari na uti wa mgongo. Jibu likizidi 3.25, shimo ni kubwa. Huuliza pia kama mtoto hupungukiwa pumzi akimbiapo. Na yule kijana asiyevua shati mtoni mbele ya wenzake, haya yake isichekwe. Mganga aelezwe hilo pia.

Kifua kitokezacho mbele kama cha njiwa mara nyingi hufungwa mkanda maalumu, bila kisu. Miguu ikipinda pamoja na kifua, huenda ni matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D au chokaa mwilini, nayo hutibiwa kwa dawa na chakula.

Lakini kama kifua cha mtoto mchanga hakikuwa na shimo, na leo chaingia ndani kila avutapo pumzi, naye apumua upesi upesi, hapo hakuna kungoja miaka. Huenda ni ugonjwa wa mapafu: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.