Kisima cha Wote, Kamba ya Mmoja

Kuna kauli inayopitishwa katika mabaraza ya wasomi kana kwamba haina wa kuipinga: elimu ina gharama yake, na anayeitaka hana budi ailipie. Kauli hiyo ina sura ya haki. Fundi hulipwa ujira wake, nahodha hulipwa nauli yake. Kwa nini basi mwenye elimu asilipwe? Lakini mwenye kuifungua kauli hiyo na kuchungulia ndani atakuta kwamba anayelipwa siye mwenye elimu. Hapo ndipo ilipojificha hila.

Na itazamwe biashara yenyewe inavyokwenda. Mtafiti wa hisabati, wa viumbe au wa tiba hulipwa mshahara kwa kodi ya wananchi au kwa fedha za wakfu. Akimaliza kazi yake huandika makala, akamkabidhi mchapishaji wa jarida bila ya kudai hata senti. Mchapishaji huwapelekea wataalamu wengine waipime, nao aghalabu huipima bure, kwa kuwa ndiyo ada ya usomi. Kisha makala hutiwa kufuli, na chuo kile kile kilichomlipa mtafiti hutakiwa kitoe fedha ili wanafunzi wake waisome. Kisima kimechimbwa na kijiji kizima, na maji ni ya Mungu, lakini kamba na ndoo zimo mikononi mwa mtu mmoja aliyeketi kivulini. Na pato lake si haba. Tawi la majarida ya sayansi la kampuni ya Elsevier limekuwa kwa miaka mingi likibakiwa na faida ya zaidi ya 30 katika kila 100 linazoziingiza. Mwaka 2012 baraza linaloishauri maktaba ya Harvard, chuo chenye utajiri usio na mfano, lilitoa waraka kusema kwamba bei hizo hazihimiliki tena. Ikiwa Harvard yalia, Chake Chake ifanyeje?

Atakayesema kwamba haya ni manung'uniko ya wakutubi, na ayasome ya Liberia. Ebola ilizuka Guinea mwishoni mwa mwaka 2013, ikavuka mpaka mwaka uliofuata, na hadi ilipokoma mwaka 2016 ilikuwa imeua watu zaidi ya 11,000, na kati yao zaidi ya 4,800 walikuwa Waliberia. Muda wote huo ilisemwa kwamba ugonjwa ule ni mgeni Afrika Magharibi. Kumbe sivyo. Aprili 2015 maofisa wa afya wa Liberia waliandika katika gazeti la New York Times kwamba wameikuta makala ya mwaka 1982, iliyoandikwa na watafiti wa Ulaya baada ya kupima damu ya Waliberia, ikionya kwamba nchi yao ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye Ebola. Hakuna Mliberia aliyeshirikishwa katika kuiandika. Na bei ya kuisoma moja ya makala za aina hiyo ilikuwa dola 45, takriban mshahara wa nusu wiki wa daktari wa huko.

Hakuna awezaye kuapa kwamba makala ile pekee ingeliwaokoa waliokufa. Makala huweza kuwa wazi na bado isisomwe. Lakini damu ilitoka kwa watu, ikapata thamani ughaibuni, na onyo lililokuwamo ndani ya damu hiyo likawekwa mahali ambapo wenyewe wangeligharimika kulifikia. Kufuli haliui kama ugonjwa uuavyo. Linachofanya ni kumzuia mlinzi asiusikie mlango ukibishwa.

Visiwani nako kuna la kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wachanga na wadogo wa Pemba zaidi ya 20,000 waliingizwa katika utafiti wa madini ya chuma, asidi ya foliki na zinki. Chuma kilikuwa kikisifiwa duniani kuwa dawa ya upungufu wa damu. Agosti 2003 watoto wakaacha kupewa chuma, kwa kuwa ilidhihiri kwamba, katika nchi yenye malaria nyingi, waliopewa chuma walikuwa wakilazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalitoka Januari 2006 katika jarida la The Lancet la London, mali ya Elsevier hiyo hiyo, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kuutazama upya ushauri wake kwa nchi za malaria. Dunia nzima ilijifunza kwa watoto wa Pemba. Lugha ya makala ilikuwa Kiingereza. Lugha ya mama waliowatoa wana wao ni Kiswahili. Basi makufuli ni mawili: la fedha na la lugha. Anayelifungua moja akaliacha la pili hajafungua mlango.

Watetezi wa makufuli wana hoja tatu, na ni insafu zisikilizwe moja moja.

Ya kwanza, wanasema kwamba bila ya mchapishaji hakuna wa kuchuja pumba na mchele. Historia ya hisabati yawakanusha. Novemba 2002 Grigori Perelman wa Urusi aliweka makala yake ya kwanza juu ya fumbo la Poincaré katika hazina ya arXiv, ambayo imekuwa wazi kwa kila mtu tangu mwaka 1991. Mwaka 2003 akaongeza mbili. Hakuzipeleka kwa jarida lolote. Wanahisabati wa nchi mbalimbali walizichambua kwa miaka, mstari kwa mstari, hadi wakaridhika kwamba fumbo lililodumu karibu miaka 100 limefumbuliwa. Mchapishaji alikuwa wapi? Waliochuja ni wajuzi wenyewe, kama wachujavyo siku zote. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuambiwa hili mara mbili. Beti za Muyaka bin Haji hazikuwa na mchapishaji zilipokuwa zikitungwa. Zilipimwa na waliozisikia na waliozijibu, na aliyeteleza katika vina au katika hoja alijibiwa mbele ya watu.

Ya pili, wanasema kwamba maskini wamekwisha hurumiwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2002 upo mpango wa HINARI, unaozipa taasisi za afya za nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, na waganga wengi wamefaidika nao. Lakini sadaka hutolewa kwa mkono unaoweza kujikunja. Mwanzoni mwa mwaka 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao kwa Bangladesh, kwa kuwa wameanza kuuza huko. Makelele yalipozidi, wakarudisha. Je, mganga aweza kuitegemea tiba ambayo ipo leo kwa hisani na kesho haipo kwa hesabu za soko? Haki haiombwi kila mwaka upya.

Ya tatu, nayo ndiyo ya kiburi zaidi, wanasema kwamba mtu wa kawaida hata akifunguliwa hataelewa. Na tabibu wa zahanati, naye haelewi? Na mwalimu wa baiolojia wa sekondari? Januari 11, 2020 mwanasayansi wa China Zhang Yongzhen, akishirikiana na Edward Holmes wa Australia, walitangaza hadharani mfuatano wa vinasaba vya kirusi kipya cha korona. Hawakuwauliza wasomaji vyeti vyao. Kazi ya kubuni chanjo ilianza ndani ya siku chache, na kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wakichanjwa. Ada hiyo ilianza zamani kidogo, katika kisiwa kingine: mwaka 1996 waliokuwa wakisoma jinomu ya binadamu walikutana Bermuda, wakaafikiana kwamba wanachokipata wakitoe hadharani ndani ya saa 24. Uwazi haukuwafisidi, uliwaharakisha.

Sasa imezuka hila mpya, na hii ndiyo ya kuchungwa. Wachapishaji wamekubali kufungua mlango wa msomaji, lakini wamehamishia bei kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipoanza njia hiyo mwaka 2021, ada yake ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Wapo wanaosamehewa, lakini msamaha ni jina jingine la hisani. Jana msomi wa Zanzibar alizibwa masikio. Leo amezibuliwa masikio, akazibwa mdomo. Anaambiwa: soma utakavyo, ila usiseme. Huo si uwazi bali ni kugeuza kufuli upande wa pili wa mlango ule ule.

Ipo njia ya tatu, nayo si ndoto. Brazili ilianzisha SciELO mwaka 1997 kwa fedha za umma, na majarida yake huwa wazi kwa wasomaji, mengi yakiwa hayamtozi mwandishi ama humtoza kidogo mno. Gharama za kuhariri na kuhifadhi ni za kweli, hakuna anayezikana. Lakini gharama ni jambo moja, na faida ya 30 kwa 100 ni jambo jingine. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo juu ya sayansi iliyo wazi, na Tanzania na Kenya ni wanachama. Mikono iliyoinuliwa Paris na ionekane ikifanya kazi Dodoma, Nairobi na Unguja.

Yanayotakiwa yasemwe bila ya mafumbo. Utafiti wowote uliofanywa kwa fedha za umma usimlipishe mwananchi mara ya pili. Utafiti wowote uliofanywa juu ya miili ya watu wa mwambao na visiwa usipewe kibali mpaka uahidi kurudisha matokeo yake kwa Kiswahili fasaha, kilichoandikwa na mfasiri aliyelipwa, wala si muhtasari wa mistari mitatu uliobandikwa ukutani. Na vyuo vya Afrika Mashariki viache kuwapima waalimu wao kwa jina la jarida la ughaibuni, kwa kuwa hapo ndipo mwenye kamba apatapo nguvu: wachimbaji wenyewe humsifu kwa kuketi kivulini. Siku watakapoacha kumsifu, kamba itakuwa kamba tu, na kila mwenye kiu atateka.